Maswali ya Wasomaji: Hundertwasser, Mchoraji Aliyejenga Bila Cheti cha Usanifu

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya kiwanda cha kuchoma taka cha Spittelau, mjini Vienna, chenye kuta za rangirangi na bomba refu la moshi lililozungushiwa tufe la rangi ya dhahabu. Chini ya picha tuliandika mstari mmoja tu, kwamba sura ya kiwanda hicho ni kazi ya msanii wa Austria aitwaye Friedensreich Hundertwasser. Barua zilizotufikia baada ya hapo zimetosha kuijaza safu nzima, kwa hiyo safari hii tunamzungumzia yeye peke yake, na maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Swali: Hundertwasser ni nani hasa? Mahali pengine nimesoma kuwa ni mchoraji, pengine kuwa ni msanifu majengo, na pengine kuwa ni mwanaharakati wa mazingira. Naomba mnieleze alizaliwa wapi na alisomea nini. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Alikuwa mchoraji kwanza, na aliendelea kuchora hadi mwisho wa maisha yake. Katika ujenzi aliingia akiwa mtu mzima wa miaka 50 hivi, baada ya kutumia miaka zaidi ya 20 kuwashambulia wasanifu majengo kwa kalamu na kwa mdomo.

Alizaliwa Vienna tarehe 15 Desemba 1928, akaitwa Friedrich Stowasser. Baba yake, Ernst, alifariki mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, na mama yake, Elsa, akabaki kumlea peke yake. Elsa alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler ilipoitwaa Austria, mama na mwana walilazimika kuyahama makazi yao, na ingawa mtoto alikuwa amekwisha kubatizwa katika Kanisa Katoliki, ubatizo huo haukutosha kuwa kinga. Ndipo kijana akaingia katika chama cha vijana wa Hitler ili kuficha asili ya familia na kumlinda mama yake. Wote wawili walinusurika. Mwaka 1943, hata hivyo, jamaa zao 69 wa upande wa mama walikamatwa, wakasafirishwa na kuuawa. Mtu aliyekulia katika mji ambamo safu zilizonyooka za watu waliovaa sare zilikuwa dalili ya hatari, hatushangai kwamba baadaye aliuona mstari ulionyooka kuwa adui, ingawa yeye mwenyewe alizitaja pia sababu nyingine, nazo tutaziona.

Kuhusu elimu, jibu ni fupi. Mwaka 1948 alisoma kwa miezi mitatu katika Chuo cha Sanaa cha Vienna, akaondoka. Mwaka uliofuata alianza kutumia jina la Hundertwasser, akasafiri Italia, na mjini Florence akakutana na mchoraji Mfaransa René Brô, aliyekuwa rafiki yake wa miaka mingi na ambaye alifuatana naye hadi Paris. Huko Paris alijiandikisha katika chuo mashuhuri cha sanaa na kukiacha siku ileile ya kwanza. Mengine yote alijifunza kwa kutazama, hasa kazi za wachoraji wa Austria Gustav Klimt na Egon Schiele, na kwa kusafiri. Mwaka 1951 alikuwa Morocco na Tunisia, na mwaka 1967 alifika Uganda na Sudan. Alinunua shamba katika jimbo la Normandy, Ufaransa, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akanunua jahazi kuukuu la mbao huko Sicily, akalikarabati karibu na Venice na kuliita Regentag. Kuanzia miaka ya 1970 makazi yake makubwa yalikuwa bonde la Kaurinui, kaskazini mwa New Zealand, ambako alipanda miti kwa maelfu na kuishi kwa sehemu kubwa bila kutegemea umeme wa gridi wala maji ya bomba.

Swali: Ninafundisha sanaa katika shule ya sekondari, na wanafunzi wangu waliniuliza kwa nini michoro yake imejaa mizunguko kama gamba la konokono. Je, ni mapambo tu, au ina maana? Alitumia rangi za aina gani? (Mwalimu, Mombasa)

Jibu: Mzunguko wa kwanza aliuchora mwaka 1953, na kuanzia hapo haukutoka tena mkononi mwake. Mwambie mwanafunzi auangalie kwa makini: haukuchorwa kwa bikari. Unanenepa, unakonda, unapinda ghafla pale ulipokutana na kitu kingine, na nafasi kati ya mkunjo mmoja na mwingine hailingani popote. Hundertwasser aliuona mzunguko kuwa ndiyo sura ya uhai unaokua kutoka ndani kwenda nje, na pia sura ya uhai unaorudi kwenye kiini chake na kufa, kwa hiyo mchoro mmoja uliweza kusomwa pande zote mbili. Kazi yake iitwayo Njia Kuu, ya mwaka 1955, iliyoko katika jumba la Belvedere mjini Vienna, imejengwa karibu yote juu ya wazo hilo.

Kisa kinachofaa kusimuliwa darasani ni cha Hamburg. Mwaka 1959 alialikwa kuwa mwalimu mgeni katika chuo cha sanaa cha mji huo. Mwezi Desemba, pamoja na wenzake Bazon Brock na Herbert Schuldt, na wanafunzi, alianza kuchora mstari mmoja usiokatika kuzunguka kuta za darasa, milango na madirisha yakiwemo, kuanzia chini na kupanda taratibu kwa kila mzunguko. Walipokezana usiku na mchana kwa muda wa siku mbili hivi, mpaka uongozi wa chuo ulipoingilia kati na kuusimamisha mstari kabla haujafika darini. Hundertwasser akajiuzulu. Waliouona mstari huo walisema chumba kilianza kuonekana kama maji yanayopanda, na kwa hakika lile lilikuwa somo la mwalimu: kwamba mkono wa mtu, ukiachwa uende, hauzai mistari miwili inayofanana.

Kuhusu rangi, alikuwa mtu wa vitu vingi kwa pamoja. Alisaga na kuchanganya rangi zake mwenyewe, akatumia rangi ya maji, rangi ya mafuta na rangi iliyochanganywa na yai katika picha moja, na kuongeza karatasi za dhahabu na fedha. Mara nyingi hakuwa na turubai la dukani; alichora juu ya karatasi ya kufungia bidhaa aliyoibandika juu ya kitambaa. Hakupenda fremu ya kusimamishia picha, alichora picha ikiwa imelala mezani au chini, na ndiyo maana aliweza kufanya kazi ndani ya treni, melini au kwenye meza ya mkahawa. Aliziweka kando kwa kando rangi zinazopingana, nyekundu na kijani, buluu na rangi ya chungwa, ili kila moja iiwashe jirani yake. Kazi zake alizipa namba, akaandika mahali na tarehe ilipochorwa kila moja, kwa utaratibu ambao karani yeyote wa masjala angeuonea wivu.

Kwa maoni yetu, mwalimu, kazi zake zinazofundisha zaidi ni chapa. Alifanya kazi na mafundi wa Kijapani wa kuchonga mbao kwa ajili ya uchapaji, akiwa miongoni mwa wachoraji wa mwanzo wa Ulaya kufanya hivyo, na karibu na mwaka 1970 alitoa chapa moja yenye nakala zaidi ya 10,000, akibadilisha rangi kati ya kundi moja na jingine ili mashine iliyoundwa kurudia ishindwe kurudia. Pembeni mwa karatasi aliandika idadi ya nakala, majina ya wachapaji na mbinu zilizotumika, jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa sanaa hawakulipenda, kwa kuwa usiri huongeza bei.

Swali: Ninasomea usanifu majengo. Nimeambiwa kwamba Hundertwasser aliandika kuwa vitongoji duni ni bora kuliko majengo ya kisasa. Kama ni kweli, mtu wa namna hiyo anafundishwa vyuoni kwa sababu gani? (Mwanafunzi, Nairobi)

Jibu: Ni kweli aliandika hivyo. Maneno hayo yamo katika ilani aliyoisoma Julai 1958 katika abasia ya Seckau, nchini Austria, ambayo aliiita ilani ya kuvu dhidi ya usanifu wa kiakili. Hoja yake ilikuwa kwamba katika kitongoji duni mwili wa mtu ndio unaoweza kuangamia, ilhali katika nyumba za maghorofa zilizopangwa kwa rula, inayoangamia ni roho. Naye aliuona msiba wa pili kuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Hapa sisi hatukubaliani naye, na hatuoni sababu ya kumfunika. Mtu aliyekaa katika chumba cha mabati ambamo maji machafu hupita mlangoni wakati wa masika hana anasa ya kuchagua kati ya mwili na roho, kwa sababu vyote viwili anavyo na vyote viwili vinaumia. Aliyeandika hayo alikuwa na miaka 29, na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amenunua shamba lake la Normandy.

Hata hivyo, ukiusoma waraka wote utaona kwamba umaskini haukuwa hoja yake kuu. Hoja ilikuwa mamlaka juu ya ukuta. Alisema kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuchora picha au kuchonga sanamu bila kuombwa cheti, lakini akitaka kujenga anazuiwa. Kwa hiyo, kwake yeye, usanifu majengo ulikuwa bado haujawa sanaa huru. Akaendelea kusema kwamba msanifu, mwashi na mkaaji wa nyumba wanapaswa kuwa mtu mmoja, au angalau watu watatu wanaoelewana, na kwamba mpangaji anapaswa kuwa huru kuchungulia nje ya dirisha lake na kuubadilisha ukuta wa nje hadi mahali mkono wake unapofika, ili apitaye barabarani ajue kwamba pale anaishi mtu tofauti na jirani yake. Katika makazi yaliyojengwa na wakaaji wenyewe aliona angalau sehemu ya uhuru huo. Alikosea kuyasifu bila kuuliza kama wakaaji wangeyachagua, lakini swali la nani ana neno juu ya nyumba ya mpangaji liko wazi hata leo katika kila mji unaojenga nyumba za bei nafuu, Nairobi ikiwemo.

Wazo hilo aliliendeleza mwaka 1972 kwa kulitoa katika sehemu mbili, yaani haki ya dirisha na wajibu wa mti. Mpangaji ana haki ya kuupamba ukuta unaolizunguka dirisha lake. Na kwa kuwa kila nyumba imeinyang'anya ardhi mimea yake, mjenzi ana wajibu wa kuirudisha mimea hiyo juu ya paa na kwenye kuta. Mwaka 1973, katika maonyesho ya Triennale mjini Milan, aliipanda miti ndani ya nyumba za mtaa wa Manzoni ili matawi yatokeze madirishani, akaiita miti hiyo wapangaji wanaolipa kodi kwa kivuli, hewa safi na utulivu.

Swali: Kama hakuwa na cheti cha usanifu, aliruhusiwaje kujenga katika mji kama Vienna? Ramani alichora nani, na hesabu za nondo na zege zilifanywa na nani? (Mkandarasi, Dodoma)

Jibu: Swali lako ndilo lililofika mahakamani, kwa hiyo tutalijibu kwa kirefu.

Mnamo Novemba 1977 Kansela wa Austria, Bruno Kreisky, alimwandikia Meya wa Vienna, Leopold Gratz, akipendekeza kwamba Hundertwasser apewe nafasi ya kuyatekeleza mawazo yake katika nyumba moja. Meya akakubali, na manispaa ikatoa kiwanja kwenye kona ya mitaa ya Löwengasse na Kegelgasse katika wilaya ya tatu. Kwa kuwa msanii hakuweza kutia saini ramani, manispaa ilimpa msanifu mwenye leseni, Joseph Krawina. Wawili hao hawakupatana. Krawina alileta modeli zenye mpangilio wa mraba na mistari iliyonyooka, Hundertwasser akazikataa, na mnamo 1981 Krawina akajitoa. Nafasi yake ilichukuliwa na Peter Pelikan, msanifu wa manispaa, ambaye alielewana na mchoraji huyo hata wakaendelea kufanya kazi pamoja katika miradi mingi kwa karibu miaka 20.

Ujenzi ulianza mwaka 1983 na wapangaji wakakabidhiwa mwaka 1985. Ni nyumba ya manispaa yenye makazi takriban 50, maduka machache, matuta ya bustani yanayopandana kuelekea juu, na miti na vichaka vipatavyo 250. Kila makazi yamepewa rangi yake kwenye ukuta wa nje, ili mtu aliyesimama barabarani aone wapi ya mmoja inaishia na ya mwingine inaanza. Sakafu ya njia za pamoja ina mawimbi, kwa sababu mwenyewe aliamini kuwa mguu wa binadamu umeumbwa kwa ardhi isiyo sawa. Haki ya dirisha iliandikwa katika mikataba ya upangaji. Hundertwasser hakuchukua malipo kwa kazi hiyo. Alisema inamtosha kujua kwamba pale hapatajengwa kitu kibaya.

Nyumba ilipopata umaarufu na picha zake kuanza kuuzwa kwenye kadi na vikombe, likazuka suala la nani ni mbunifu wake. Kesi ilikwenda kwa miaka mingi, na mwaka 2010, msanii akiwa amekwisha kufariki miaka kumi kabla, mahakama ilimthibitisha Krawina kuwa mbunifu mwenza, kwa kuwa mwili wa jengo, yaani ngazi zake za ghorofa, matuta yake na mgawanyo wake wa nafasi, ulitokana kwa sehemu kubwa na michoro yake. Kwa hiyo, ndugu mkandarasi, ramani na hesabu zilifanywa na watu waliosomea kazi hiyo, kama sheria ilivyotaka. Hundertwasser mwenyewe alijiita daktari wa majengo, na jina hilo tunaliona kuwa la haki kuliko msanifu, kwa sababu kazi zake nyingi zilikuwa za kuyatibu majengo yaliyokwisha kuwapo. Kanisa la Mtakatifu Barbara huko Bärnbach, Austria, na stesheni ya reli ya Uelzen na shule moja ya sekondari ya Wittenberg, zote mbili Ujerumani, vyote vilikuwapo kabla yake, naye akavipa sura mpya.

Wasanifu wengi wa Ulaya walimkosoa kwamba anapaka vipodozi juu ya mwili wa nyumba ya kawaida. Kwa baadhi ya kazi wako sahihi. Lakini mtu awe mwangalifu kabla ya kulisema hilo kuhusu hoteli ya chemchemi ya maji moto ya Bad Blumau, Austria, iliyofunguliwa mwaka 1997, ambako mapaa ya nyasi yanashuka hadi kuungana na ardhi na mgeni anaweza kutembea juu yake, kwa kuwa hapo umbo lenyewe ndilo lililobadilika.

Swali: Mimi ni fundi mwashi. Hiyo miti juu ya paa haipasui zege na kuvujisha maji? Nina mteja anayetaka kitu kama hicho. (Fundi, Tanga)

Jibu: Itapasua na kuvujisha, kama umeiweka tu juu ya paa lililokuwepo. Paa la kubeba mimea hujengwa kwa tabaka: juu ya zege hulazwa utando wa kuzuia maji, juu yake utando mwingine wa kuzuia mizizi, kisha tabaka la kokoto au malighafi nyingine ya kupitisha maji kuelekea kwenye mifereji, kisha kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe njia hizo, na mwisho udongo wenyewe. Kosa la mahali pamoja katika utando wa chini hugharimu kuliko paa zima, kwa sababu kulitafuta maana yake ni kuufukua udongo wote.

Linalotisha zaidi ni uzito. Udongo ulioshiba maji una uzito wa takriban tani 1.5 hadi 2 kwa kila mita moja ya ujazo. Maana yake ni kwamba kina cha mita moja, ambacho mti mdogo unakihitaji, kinaweka juu ya kila mita moja ya mraba mzigo unaokaribia mara kumi ya ule unaokadiriwa kwa sakafu ya chumba cha kulala. Nyumba za Hundertwasser zilihesabiwa mzigo huo tangu msingi. Ile iitwayo Waldspirale, mjini Darmstadt, Ujerumani, iliyokamilika mwaka 2000 kwa ramani za msanifu Heinz M. Springmann, ina paa linalopanda kwa mzunguko kutoka ardhini hadi ghorofa ya 12, na miti imepandwa njia yote; chini yake kuna makazi 105 na madirisha zaidi ya 1,000, ambayo yametengenezwa yasifanane. Mwambie mteja wako aanze kwa mhandisi, na kama nyumba imekwisha kusimama, aridhike na majani mafupi au mimea inayotambaa ukutani.

Swali: Tulimsoma kuwa mtetezi wa mazingira, halafu mnatuonyesha kiwanda cha kuchoma taka alichokipamba. Huo si unafiki? (Msomaji, Kampala)

Jibu: Wapo waliomwambia hivyo usoni. Kiwanda cha Spittelau kilijengwa kati ya mwaka 1969 na 1971, na Mei 1987 sehemu yake kubwa ikateketea kwa moto. Meya wa wakati huo, Helmut Zilk, aliamua kijengwe upya palepale na kumwomba Hundertwasser akipe sura. Alikataa. Rafiki yake Bernd Lötsch, mwanaikolojia aliyeheshimika, ndiye aliyemshawishi, akimweleza kwamba mji mkubwa hauwezi kuondoa taka zote mara moja, kwamba joto la tanuri lingepasha nyumba ambazo vinginevyo zingechoma makaa au mafuta kila moja kwa bomba lake, na kwamba mitambo mipya ya kusafisha moshi ingewekwa. Alikubali kwa sharti la usafishaji huo, na kazi yake hakuitoza malipo. Ilikamilika mwaka 1992. Kiwanda huchoma takriban tani 250,000 za taka kwa mwaka na kupeleka maji ya moto katika makumi ya maelfu ya nyumba kupitia mabomba ya mji, pamoja na hospitali kuu iliyo karibu.

Tunaamini alikuwa mkweli, lakini tunaona pia kwamba rangi zake zilimfaa sana mwenye kiwanda. Kiwanda cha taka kilichogeuka kivutio cha watalii ni vigumu kukipinga, na msanii aliyesema hadi mwisho kwamba lengo ni jamii isiyotupa chochote aliwapa watu wa Vienna sababu ya kuitazama taka yao ikiungua bila kujisikia vibaya. Mji wa Osaka, Japani, uliiga na kumwomba awabunie kiwanda cha namna hiyohiyo, kilichokamilika mwaka 2001.

Upande wa pili wa mizani ni huu. Desemba 1984, serikali ilipotaka kukata msitu wa mafuriko wa Hainburg kando ya mto Danube ili kujenga bwawa la umeme, alikwenda kupiga kambi na waandamanaji katika baridi, akaichana hati ya Tuzo Kuu ya Taifa aliyopewa miaka minne kabla. Bwawa halikujengwa, na leo eneo hilo ni sehemu ya hifadhi ya taifa. Nyumbani kwake alitumia choo kisicho na maji, ambacho kila baada ya matumizi hufunikwa kwa udongo na majani hadi kigeuke mboji, na mwaka 1979 aliandika ilani nzima kukitetea, kwa lugha ambayo heshima ya gazeti hili haituruhusu kuinukuu.

Swali: Ni kweli kwamba alihutubia hadharani akiwa uchi? Na mtu kama huyo anastahili kusifiwa? (Mzazi, Bukoba)

Jibu: Ni kweli, mara mbili: Munich mwaka 1967 na Vienna mwaka 1968, akidai haki ya mtu juu ya nyumba yake, ambayo aliihesabu kuwa ngozi ya tatu baada ya ngozi ya mwili na nguo. Baadaye aliongeza ya nne, yaani jamii, na ya tano, yaani dunia. Hotuba ya Vienna aliitoa mbele ya diwani wa kike wa mji, na iliwaudhi wengi. Tunadhani hoja ingesikika vizuri zaidi kama angevaa suruali.

Swali: Ninakusanya stempu. Je, ni kweli kwamba alibuni stempu za nchi za Afrika? (Msomaji, Unguja)

Jibu: Ndiyo. Senegal ilitoa stempu zake mwaka 1979, na Cape Verde ilifuata katika miaka ya 1980. Zinazopatikana kwa urahisi zaidi ni sita za Umoja wa Mataifa za mwaka 1983, zilizotolewa kwa ajili ya miaka 35 ya Tamko la Haki za Binadamu, mbili kwa kila ofisi ya New York, Geneva na Vienna. Michongo mingi ilifanywa na Wolfgang Seidel wa Austria. Ukiwa na lenzi, angalia sehemu zenye rangi ya metali: zilipigwa chapa peke yake, na ndizo hukwanguka kwanza stempu ikiloweshwa vibaya.

Swali: Alikufa lini, na jengo lake la mwisho ni lipi? Nina ndugu anayeishi Vienna. Nikimtembelea, nikaone nini? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Alifariki tarehe 19 Februari 2000 kwa ugonjwa wa moyo, ndani ya meli ya Queen Elizabeth 2, katika Bahari ya Pasifiki, akiwa safarini kutoka New Zealand kwenda Ulaya. Alizikwa katika ardhi yake huko New Zealand bila jeneza, chini ya mti, kama alivyoagiza. Baadhi ya miradi ilikamilika baada yake, kama lile jengo kubwa la rangi ya waridi la Magdeburg, lililofunguliwa mwaka 2005.

La mwisho alilolisimamia hadi likafunguliwa akiwa hai ni choo cha umma katika mji mdogo wa Kawakawa, New Zealand, mwaka 1999, na sisi tunaliweka juu ya majengo yake yote makubwa. Matofali yalitoka katika jengo la zamani lililobomolewa, madirisha ni chupa zilizokusanywa na wakazi, vigae vingi vilitengenezwa na wanafunzi wa shule ya jirani, na mti uliokuwepo kiwanjani ukaachwa usimame katikati ya jengo. Yale aliyoyadai mwaka 1958, kwamba mkaaji na mjenzi wawe mtu mmoja, hakuyakaribia Vienna kama alivyoyakaribia pale.

Ukiwa Vienna, nenda kwanza KunstHausWien, jumba la makumbusho alilolifungua mwaka 1991 katika kilichokuwa kiwanda cha samani cha Thonet; ndimo zilimo picha zake. Kutoka hapo, nyumba ya Löwengasse ni mwendo mfupi kwa miguu. Utaiona kwa nje tu, kwa sababu ndani wanaishi wapangaji. Kwa Spittelau panda treni ya chini ya ardhi. Stesheni yenyewe inaitwa hivyo, na bomba la moshi utaliona mara tu utakapotoka.